Ngokela ya Insha

Jumatatu, 3 Julai 1995

Nimerudi shule! Mtu mzima, mvi kichwani, nimerudi shule. Jana baada ya misa Padre Mansuetus alitangaza kwamba sekondari mpya ya parokia itahitaji mwalimu wa Historia na Uraia, na parokia itamdhamini mtu wa hapa kusoma ualimu kwa njia ya posta. Mtu mmoja tu. Anayetaka aandike insha ya kurasa kumi juu ya mabadiliko ya uchumi katika kijiji chake tangu uhuru. Mwisho ni Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Padre atasoma mwenyewe na kuchagua mwenyewe.

Nilitazama huku na huku kanisani. Nani mwingine kama si mimi, Urbani Kapinga, katibu wa chama cha ushirika miaka yote ile, niliyepewa zawadi ya insha nikiwa seminari? Nikaona mkono umenyooshwa kule nyuma. Jastini! Huyu alikuwa tarishi wangu. Nilikuwa namtuma sigara. Leo ananunua kahawa kwa niaba ya kampuni binafsi, ana pikapu, ana viatu vya ngozi, na sasa anaitaka na elimu. Kijana huyu ataniachia nini?

Soko huria lilipoingia chama chetu kikabaki na mizani na buibui. Mimi nikaambiwa nipumzike. Napumzika mpaka leo. Watu bado wananiita Katibu, na kila wakiniita naona kama wananizomea.

Nimeandika kichwa cha insha. Nimekipigia mstari kwa rula, kisha mstari wa pili chini ya ule wa kwanza. Si haba kwa siku ya kwanza. Mke wangu Gaudiosa aliniuliza kama nitakwenda kuchuma kahawa. Nikamwambia mimi sasa ni mwanafunzi. Alichukua kikapu chake, akaondoka na binti yetu Tadea, ila alipofika mlangoni aligeuka akasema angefurahi sana kuniona tena nikitoka asubuhi na shati safi, nina mahali pa kwenda. Hakusema kwa ubaya. Maneno yenyewe yamenikaa kifuani mchana kutwa.

Jumatano, 5 Julai

Ratiba! Seminari tuliamka na kengele, tukaandika kabla ya uji. Nitafanya vivyo hivyo. Leo jogoo aliwika na nilimsikia vizuri sana, nikiwa ndani ya blanketi. Baridi ya Julai huku juu haijali kama mtu ana elimu. Nikaamka jua limeshapasha mlango.

Nikaandika: Tangu uhuru, kijiji chetu kimepitia mabadiliko mengi. Sentensi safi! Nikaandika ya pili: Miongoni mwa mabadiliko hayo, matarishi sasa wanaendesha magari. Ya tatu siwezi kuiweka hata humu. Nilipoinua kichwa nilikuwa nimejaza ukurasa mzima, wote Jastini. Jastini na viatu vyake. Jastini na mkewe Theresia, ambaye siku hizi akipita kwetu anatazama milimani. Nikachana.

Tatizo ni meza. Meza yetu ni ndogo, inanuka vitunguu, na mguu mmoja unacheza. Basi nikatoka nje nikachukua kichanja kimoja cha kuanikia kahawa, nikamwaga kahawa pembeni, nikakiingiza ndani, nikakitandika magunia. Meza ya profesa kabisa! Sema waya wake unabonyea, na kalamu kila ikifika katikati ya mstari inatoboa karatasi.

Gaudiosa alirudi akakuta kahawa yake, imekobolewa, imeoshwa, iko chini kwenye vumbi na kuku wanaikanyaga. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alipiga magoti akaanza kuokota, Tadea naye akapiga magoti, nami nikawa nimesimama pale nikiwaeleza umuhimu wa meza kwa mtu anayesoma. 

Ijumaa, 7 Julai

Sabasaba. Wengine wanapumzika, Jastini ananunua kahawa. Alisimamisha pikapu mbele ya nyumba yangu, akashuka, akainama, shikamoo Katibu. Marahaba ilinitoka kwa shida kama mfupa wa samaki.

Akaniuliza insha inaendaje. Nikasema niko kwenye hatua ya utafiti. Akatikisa kichwa kwa heshima. Heshima yake inaniudhi kuliko tusi. Nikamuuliza na yake. Akasema yuko ukurasa wa nne! Eti kila jioni akishafunga mizani anaandika ukurasa mmoja kabla ya kula, uwe mzuri uwe mbaya, na asubuhi anausahihisha. Usipokwisha, hali chakula. Kwamba mwanzoni mkono ulikuwa mgumu, maana ni miaka mingi tangu aache shule, lakini sasa umeanza kulainika. Aliyasema yote hayo akitazama chini, kama mtu anayeungama.

Ukurasa kwa siku! Hiyo ni kuandika au kuchambua mchele? Insha ya kweli humiminika. Mimi ninachokosa ni utulivu tu. Hapa kuna kuku, kuna mashine ya kukobolea inayolia, kuna mke anayenyamaza. Nimeamua. Kesho nashuka ziwani kwa dada yangu Notburga. Nimemwambia Gaudiosa. Akauliza, katikati ya mavuno? Nikamwambia fikra haingoji mavuno. Akaingia jikoni.

Jumatatu, 10 Julai. Mbamba Bay

Ziwa ni kubwa, ni la buluu, na halinisaidii chochote. Mwera unavuma tangu nifike. Upepo huo unapiga bati mchana kutwa na kuingiza mchanga hata kwenye ugali.

Dada alinipokea kwa vigelegele. Asubuhi yake akanipa dagaa nigeuze kwenye chanja. Nikamwambia nimekuja kuwaza. Akasema mtu anaweza kuwaza huku anageuza dagaa. Basi nimegeuza. Mawazo hayakuja, wamekuja kunguru, na nimewafukuza kwa daftari.

Leo mchana akaja jirani yao, Bibi Margareta, mjane. Wavu wake umeibiwa, na anayetajwa ni mpwa wa mjumbe, hivyo hakuna anayetaka kumsikiliza. Alisikia yupo mwenye kalamu. Akaomba nimwandikie barua kwa mwenyekiti. Nikakaa pale pale juu ya mtumbwi uliopinduliwa, watu wakanizunguka, huyu anaongeza hili, yule anakumbuka lile, nikaandika. Sikuinua kichwa mpaka nimemaliza. Kurasa mbili! Nilipowasomea, Bibi Margareta alilia, na mzee mmoja akasema barua hii hata mwizi akiisoma ataurudisha wavu mwenyewe.

Shemeji yangu akaniuliza, kama naweza kuandika hivyo habari ya wavu, kijiji changu kinanishinda nini? Nikamwambia ile ni barua, hii ni insha, ni vitu viwili tofauti. Hajasoma, hawezi kuelewa.

Lakini swali lake limeniamsha. Kwa nini leo kalamu ilitembea? Kwa sababu palikuwa na watu! Kazi ya peke yako ni adhabu. Hakuna Mmatengo mwenye akili anayeingia shamba kubwa peke yake. Anapika pombe, anaita ngokela, majirani wanakuja na majembe yao, kila mtu anapewa ngwe yake, jua likianza kushuka shamba limekwisha na watu wanaimba. Sasa insha ya kurasa kumi si shamba? Nitaita ngokela! Ngokela ya insha! Nimecheka peke yangu mpaka dada akaja kunigusa paji la uso.

Alhamisi, 13 Julai

Nimerudi nyumbani na furushi la dagaa. Gaudiosa ana malengelenge viganjani, kahawa yote ya bondeni wamechuma wawili, yeye na Tadea. Akasema nanuka ziwa. Nikamweleza mpango wangu kabla sijavua viatu.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza nani atajua ngwe ipi ni yangu, maana shambani kila mtu anaona aliyelima na aliyesimama. Wivu! Wanawake hawapendi mambo mapya. Akasema pia kwamba mahindi yaliyobaki ni ya kula. Nikamkumbusha shati safi. Nikamwambia, unataka kuniona nikitoka asubuhi au hutaki? Hapo akatazama viganja vyake. Halafu akasema sawa, atapika pombe, kwa sharti moja. Wale watakaonifanyia kazi, nitakwenda kuwalipa mimi mwenyewe kwenye kazi zao, kama desturi inavyotaka, nisimtume yeye. Nikaitikia upesi. Sharti dogo hilo.

Jumapili, 16 Julai

Baada ya misa nimealika wasomi. Mwalimu Vitalis, aliyenifundisha darasa la tatu na sasa amestaafu. Katekista Augustino, mwenye mwandiko wa kuchonga. Nesi Hilda wa zahanati, anayeandika ripoti kila mwezi. Wote waliuliza kama pombe ipo. Nikasema ipo. Wote wakakubali, na hakuna hata mmoja aliyeuliza insha inahusu nini. Huo ndio ujirani!

Kimea kimeota vizuri. Gaudiosa anatwanga. Mimi nimegawa ngwe kwenye karatasi: Utangulizi, Mwalimu. Kilimo cha ngoro, mashimo yetu ya mlimani, na chakula, Katekista. Afya na nguvu kazi, Nesi. Ushirika, mimi mwenyewe. Soko huria bado haina mtu. Nani anataka kuandika habari za soko huria? Mimi nikiligusa tu naanza kutetemeka.

Jumamosi, 22 Julai

Siku yenyewe. Nimechoka, nimeudhika, lakini insha ipo!

Walikuja asubuhi, na kalamu. Nikawaketisha mikekani kwa mstari, kila mtu na karatasi zake. Nikatembea nyuma yao nikiwatia moyo. Ngwe yangu nilisema nitaianza baadaye, maana mwenye shamba lazima asimamie. Mwalimu Vitalis aliandika mistari mitatu, akasema koo limekauka. Nikamwambia pombe huja baada ya kazi. Akasema utangulizi ndiyo kazi ngumu kuliko zote, sharti ulainishwe. Kata ikatoka. Ikishatoka kwa mmoja, wengine utawanyima vipi? Nesi Hilda peke yake alikataa, akasema yuko zamu, akaendelea kuandika haraka haraka kama anayekimbiza gari.

Saa hiyo nikasikia pikapu. Jastini! Alikuja na kalamu yake mfukoni na daftari kwapani. Akawaamkia wote. Akasema amesikia kwa Katibu kuna ngokela, naye ni jirani, amekuja kuomba ngwe.

Ebo! Nilitamani ardhi inimeze, au immeze yeye. Lakini nitafanyaje? Mtu akija na jembe kwenye ngokela yako humrudishi. Kumnyima ngwe ni kumwambia si jirani tena, hata msiba ukikupata asije. Na wote walikuwa wananitazama, Gaudiosa amesimama mlangoni na kata mkononi. Nikampa ngwe mbaya kuliko zote. Soko huria. Nikaiambia nafsi yangu, acha ajichimbie kaburi.

Akakaa pembeni ya mkeka akaandika. Hakuinua macho. Alipomaliza alinikabidhi kurasa zake kwa mikono miwili, akanywa kata moja tu, akamshukuru Gaudiosa, akaenda kwenye mizani yake. Waliobaki waliimba mpaka jua likazama. Ngwe yangu ya ushirika sikuigusa. Mwenyeji hawezi kuandika wageni wakiimba.

Jumatatu, 24 Julai

Leo nimesoma mavuno. Mungu wangu.

Utangulizi wa Mwalimu Vitalis unaanza na uhuru, unafika mstari wa nne, halafu unaeleza jinsi alivyomcharaza viboko mwanafunzi mmoja mvivu aitwaye Urbani. Ametaja jina! Katekista Augustino ameanza vizuri na mashimo ya ngoro, akaingia kwenye anguko la mwanadamu, akaonya dhidi ya ulevi kwa maneno makali, na mwandiko wake wa kuchonga ukaanza kuteleza kuelekea ukingoni mwa karatasi mpaka ukatoka nje. Nesi Hilda ametengeneza jedwali la watoto waliopimwa uzito. Jedwali zuri. Hakuna sentensi hata moja.

Kisha kurasa za Jastini.

Nilizisoma nimesimama, nikakaa, nikazisoma tena. Ni insha. Ni insha kweli kweli! Ameeleza jinsi bei ilivyokuwa inapangwa, jinsi malipo ya wakulima yalivyokuwa yanachelewa, wanunuzi binafsi walivyokuja na fedha taslimu, nani alifaidi na nani aliumia. Hakujipendelea hata kidogo, amewasema na mabosi wake. Na katikati ameandika haya: Katibu wetu Urbani Kapinga ndiye aliyenifundisha kuandika. Nilipokuwa tarishi alinipa muhtasari wa vikao niunakili, akanirudishia hadi usiwe na kosa, na hakuwahi kunitukana. Mizani yake haikumwibia mkulima yeyote. Chama kilipokufa tulipoteza mizani hiyo, na hakuna aliyemshukuru.

Macho yaliniwasha. Moshi wa jikoni ulikuwa mwingi.

Hakuna mtu aliyewahi kusema maneno hayo juu yangu. Hata kwenye kikao cha kuniaga walisema tu tufunge kwa sala. Nilikaa na karatasi ile mapajani mpaka Tadea akaniletea chakula, na sikuweza kula.

Uamuzi. Nanakili kurasa za Jastini kwa mwandiko wangu, nazitanua kidogo, naongeza jedwali la Nesi, inatimia kumi. Wizi? Wizi gani! Ni ngwe aliyonilimia kwenye shamba langu, mbele ya mashahidi, na pombe amekunywa. Nimefikiria kama nitoe lile fungu linalonihusu. Nimelisoma tena. Ndilo lenye ukweli zaidi katika insha nzima. Litabaki kama lilivyo, neno kwa neno.

Alhamisi, 27 Julai

Nalipa ngokela. Hawa watu hawana haya! Nilidhani msomi unamlipa kwa usomi. Mwalimu Vitalis alinipa kikapu na kunionyesha safu ya mikahawa inayoshuka mpaka mtoni. Katekista alinipa tofali za kubeba. Nesi Hilda aliniweka nifyeke nyasi za zahanati, wagonjwa wote wamekaa barazani wananitazama, Katibu leo anafyeka! Nilimwomba Gaudiosa aende kwa Katekista badala yangu. Akanikumbusha sharti lake. Viganja vyangu sasa vinafanana na vyake. Nimenakili kurasa za mwisho na kitambaa mkononi.

Leo jioni zamu ya Jastini. Nilikwenda nikijua nitabebeshwa magunia. Lo! Ameniwekea kiti. Theresia ameniletea chai na karanga, macho yake safari hii yako kwangu, sio milimani. Jastini akasema anachoniomba nimsomee insha yake, kama nilivyokuwa nikimsomea muhtasari, nimwambie ina upungufu gani.

Niliisoma. Ni nzuri, nasema hapa kwa uchungu. Barabara, shule, mahindi, vijana wanaohama. Lakini kahawa? Kahawa imeguswa kwa mistari michache tu! Insha ya uchumi wa kijiji cha huku Mbinga haina kahawa! Nikamuuliza. Akasema yote aliyokuwa ameyafikiria juu ya kahawa aliyaandika kwangu, basi akaona si haki kuyarudia. Ngwe uliyomlimia mtu huwezi kuihamishia shambani kwako.

 Nilijua ningeweza kumwambia, kijana, ongeza ukurasa mmoja tu wa kahawa, kwa maneno mengine, bado siku zipo. Neno lilifika kwenye meno. Nikamwona amevaa viatu vile. Nikamwambia insha yake haina upungufu wowote. Akanishukuru, akanisindikiza mpaka njia panda akinibebea tochi. Njiani nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri, kisha vibaya tena. Lakini nafasi ni moja.

Jumamosi, 29 Julai

Imekwisha. Wacha niandike kabla sijalala.

Asubuhi Gaudiosa alinipa shati. Amelifua, amelipiga pasi ya mkaa, na kola iliyokuwa imechakaa ameigeuza na kuishona upya. Alinifunga kifungo cha juu kwa mkono wake. Nilitoka nyumbani nina mahali pa kwenda. Alisimama mlangoni mpaka nikakata kona.

Padre Mansuetus alikuwa barazani. Jastini alikuwa amefika. Padre akasema atasoma hapo hapo, tukae. Akaanza na ya Jastini, akatikisa kichwa taratibu, akauliza mbona kahawa ni kidogo hivi. Jastini akasema samahani Padre. Nikatazama dari.

Akachukua yangu. Uso wake ukafunguka! Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, kila akifunua anasema hmm, vizuri, vizuri kabisa. Moyo ulinidunda mpaka nikahisi kifungo kitaruka. Kisha akasita. Akarudi nyuma. Akasoma kwa sauti: Katibu wetu Urbani Kapinga ndiye aliyenifundisha kuandika. Nilipokuwa tarishi alinipa muhtasari wa vikao niunakili.

Akaniuliza taratibu kama niliwahi kuwa tarishi wangu mwenyewe.

Nikasema ni mtindo wa uandishi. Padre akavua miwani. Akamgeukia Jastini, akamuuliza kama anayajua maneno haya. Na huyu kijana, ambaye angeweza kunimaliza kwa neno moja, alinitazama, akasema ni ya Katibu, yeye alimlimia tu. Padre akasema anaifahamu ngokela, babu yake alikufa akidai watu ngwe. Mahindi uliyolimiwa ni yako, utayala na Mungu atayabariki. Lakini hao watoto wa sekondari watakapomwuliza mwalimu wao jambo, hawawezi kusubiri majirani waje.

Nafasi amepewa Jastini. Akamwambia aongeze ukurasa wa kahawa kabla ya Jumatatu, na kurasa zangu akamkabidhi yeye. Akamwambia, chukua, ni zako. Mimi akaniambia Januari itakuwepo nafasi nyingine, ya Kiswahili, na safari hii hataki kurasa kumi. Nimpelekee ukurasa mmoja niliouandika mwenyewe, juu ya jambo lolote, hata ukiwa mbaya.

Ukurasa mmoja! Kama mtoto wa darasa la tatu! Nilitembea nikirudi kwa njia ya nyuma, nikivuka mashamba ya watu, ili shati lisionekane. Gaudiosa alikuwa bado mlangoni.  Alinifungua kile kifungo cha juu, kisha akaingia ndani, na nikamsikia analia. Sijawahi kumsikia akilia kwa sababu yangu, au labda sikuwahi kuwepo. Iliniuma sana. Inaniuma sasa.

Jumapili, 30 Julai

Nimelala vibaya lakini nimeamka na akili timamu. Nimepitia mambo yote na nimeona makosa yalipotokea. Kwanza, meza. Pili, pombe ilitoka mapema. Tatu, Jastini angeandika vibaya kidogo, kama jirani yeyote wa kawaida, haya yote yasingetokea. Januari nitaita ngokela ndogo zaidi, watu watatu tu, wasiojua kusifu.

Nilikuwa naandika hayo hapa barazani Gaudiosa alipokuja kukaa karibu yangu na ungo wake wa kahawa. Macho yake bado mekundu. Alinitazama naandika kwa muda. Kisha akauliza, kwani humo ndani unaandikaga nini? Nikamwambia ni mambo yangu tu, ya siku. Akasema mwezi mzima ananiona. Nikitoka ziwani naandika, nikitoka kufyeka naandika, jana nimerudi nimevunjika, nikaandika kabla hata ya kula, mpaka taa ikaisha mafuta. Akasema, sasa Baba Tadea, si umchanie Padre ukurasa mmoja wa humo? Hata ule wa siku uliyorudi na dagaa.

Nilicheka! Kwa mara ya kwanza tangu jana nimecheka. Nilimweleza kwa upole, maana hakufika mbali na shule, kwamba haya si maandishi, ni manung'uniko. Hayana utangulizi, hayana hoja, hayana hitimisho. Nimpelekee Padre habari za kuku? Akasema sawa. Akainuka na ungo wake akaenda kuanika.

Hata hivyo amenifungua macho bila yeye kujua. Jioni zote hizo! Wino wote huo! Sasa naelewa kwa nini insha ilinishinda. Nguvu zangu zote zimeishia kwenye upuuzi huu. Basi, na iwe mwisho. Kuanzia leo humu siandiki tena hata mstari mmoja. Daftari nimempa Gaudiosa awashie moto, na amelipokea, amelifunga kwenye kanga yake. Ameniazima mara moja tu nimalizie sentensi hii, ili Januari kalamu yangu iwe imepumzika vya kutosha.